Shangazi na Lifti Iliyokimbilia Ghorofa ya Saba

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi wa sita, Shangazi atazima kompyuta yake na kutoka kwenye karakana yetu akiwa mstaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuandika na kurekebisha programu zinazoendesha lifti. Mkurugenzi aliniomba mimi wa mapokezi niandike ukurasa huu wa jarida letu kwa sababu, alivyosema, namjua kila mtu na sichoki kusema. Nadhani alisahau kwamba nimeolewa juzijuzi tu na siku hizi naona kila kitu kinapendeza, hata mlango wa stoo. Lakini Shangazi angependeza hata kama ningeandika haya nikiumwa jino.

Wageni huuliza kwa nini mhandisi mkubwa namna ile anaitwa Shangazi. Ni kwa sababu mkurugenzi wetu ni mtoto wa kaka yake. Siku ya kwanza ya mkurugenzi kazini walikubaliana kwamba mbele za watu atamwita Fundi Mkuu. Mteja wa kwanza alipoingia, mkurugenzi akasimama, akakohoa kidogo, akasema, "Huyu ndiye Shangazi." Mteja naye akampa mkono, "Hujambo, Shangazi." Mambo yakaishia hapo. Leo anaitwa hivyo na mhasibu, mlinzi, na wenye majengo waliomzidi umri.

Hakuanza na kompyuta. Alianza kwa kusuka nyaya za mota, enzi ambazo lifti ziliongozwa na swichi zilizogongana kabatini kama sahani zinazooshwa kwa hasira. Karakana iliponunua kompyuta yake ya kwanza, mafundi wengine waliizunguka kwa mbali, kila mmoja akiogopa kuwa ndiye atakayeiharibu. Shangazi alivuta kiti akaketi mbele yake. Lugha ya kompyuta iitwayo C alijifunza kwenye kitabu kilichochanika jalada, akisoma kwa sauti, akikigombeza pale asipoelewa. Baada ya muda akaandika programu ya kwanza ya kisanduku chetu cha kuongozea lifti, na kisanduku hicho, kikiwa kimeboreshwa mara nyingi, ndicho kinachotulisha sote mpaka leo.

Kazi iliyompa sifa zaidi ni kuwinda ugonjwa mmoja wa programu za C: kielekezi kinachoning'inia. Mimi nimesoma hadi sekondari tu, na hesabu sikuzipenda wala zenyewe hazikunipenda, lakini ugonjwa huu naujua vizuri kwa sababu alinieleza huku tukimenya machungwa pale mapokezi. Kielekezi, alisema, ni anwani tu. Kinaiambia programu kwamba kitu inachokitafuta kipo chumba fulani ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

"Sasa chukulia umepanga chumba," akaniambia. "Mdogo wako ukampa ufunguo wa akiba. Baadaye ukahama, chumba ukamrudishia mwenye nyumba, ila mdogo wako hukumwambia. Siku moja ana njaa. Anakuja, anafungua, anaingia."

"Anawakuta wapangaji wapya!" nikasema.

"Hapo ana bahati, atapigiwa kelele, mambo yatajulikana. Ubaya ni akikuta bado hajahamia mtu. Anaona godoro lako la zamani, anaona sufuria, anadhani bado unaishi mle. Analala vizuri kabisa. Keshokutwa anakuja tena, anafunua sufuria ya watu na kuanza kula."

Ndiyo maana ugonjwa huu huwasumbua mafundi: leo upo, kesho haupo, na programu inaweza kukaa mwaka mzima ikionekana nzima. Dawa yake aliwafundisha wote waliopita mikononi mwake. Kila chumba cha kumbukumbu kiwe na mwenyewe mmoja, wengine wote ni wageni. Kabla ya kukiachilia, uliza nani mwingine anayo anwani. Ukishakiachilia, futa anwani hiyo kila mahali ilipoandikwa, ili anayekuja aone mapema kwamba hakuna kitu, asiingie kwa mazoea.

Jambo moja hakulivumilia katika karakana nzima: fundi kusema "kwangu inafanya kazi". Aliyetamka maneno hayo alikwenda kuwachemshia chai watu wote, awe mwanafunzi au mhandisi mwenye shahada mbili. Tumekunywa chai nyingi sana kwa utaratibu huo, na nyingine ilikuwa mbaya.

Sasa niruhusiwe kusimulia kisa ambacho bila hicho nisingekuwa na pete kidoleni.

Miaka miwili iliyopita simu ya mapokezi ilianza kulia kutoka jengo moja la ghorofa nane lenye kisanduku chetu. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa kamati ya wakaaji, dereva wa malori mstaafu, ambaye sauti yake haikuhitaji simu. "Lifti yenu inamkimbia bibi wa watu!" akanguruma. Kwenye ghorofa ya pili kulikuwa na bibi mmoja, fundi cherehani wa zamani, mwenye magoti mabovu. Mara nyingine lifti ilikuwa ikifika kwake, inafungua mlango, kisha kabla hajaingia inafunga na kupaa juu, ikimwacha ameduwaa na kikapu chake.

Jengo lile lina waendesha lifti wawili, kwa sababu wakaaji wengi ni wazee na mizigo haiishi. Mmoja anashika asubuhi hadi alasiri, mwenzake anashika jioni. Kila lifti ilipomkimbia bibi, aliyekuwa zamu alikuwa yule wa asubuhi. Jioni haikutokea hata mara moja. Wakaaji wakajumlisha wenyewe, wakapata jibu: jamaa anachezea lifti, anamfanyia bibi dhihaka. Kikao kikaitishwa Jumamosi ili kuamua kumfukuza.

Shangazi alikiweka kisanduku kama kile mezani, akakijaribu tangu asubuhi. Alibonyeza vitufe vyote, akageuza ufunguo wa mwendeshaji huku na huku, akawapa mafundi wengine nao wageuze. Lifti ya majaribio ilikuwa na adabu zake zote. Mwishowe akaegemea kiti, akasema polepole, "Hapa kwangu inafanya kazi."

Mkurugenzi akanyoosha kidole. "Shangazi, birika lile pale."

Akaenda, tena bila ubishi. Aliporudi na trei alikuwa ameshaamua. Alimpa kila mtu kikombe, akaniambia nivae viatu vya kutembelea, twende tukaione hiyo lifti ikiwa kwao.

Tulikwenda na kigoda cha plastiki. Alikiweka kwenye kona ya lifti, akaketi, mkoba mapajani, akaanza kuwasalimia wanaoingia. "Mama, unakwenda ghorofa ya ngapi?" akaulizwa na kila mtu. "Zote," akajibu. Mimi alinipandisha ghorofa ya saba, nisimame kwenye korido nibonyeze kitufe cha kuita lifti kila baada ya muda, kwa sababu huko ndiko ilikokuwa ikikimbilia mara nyingi. Mwendesha lifti wa asubuhi nilikuwa nimemwona kidogo tu tulipoingia: mrefu, mkimya, shati limepigwa pasi kama la siku ya picha. Aliijua siku ya kikao. Yeye alimwamkia kila mkaaji aliyeingia, na wengine hawakumwitikia.

Shangazi hakutazama kisanduku. Alitazama mikono ya yule bwana.

Karibu na mchana bibi wa ghorofa ya pili akaita lifti. Mlango ukafunguka. Mwendesha lifti akageuza ufunguo wake ili lifti isubiri, kama inavyotakiwa. Halafu akaona kikapu kimejaa na bibi anashika ukuta. Basi akaurudisha ufunguo, akauchomoa, kwa kuwa sheria ya kazi yao ni kutouacha ufunguo ndani ya lifti hata kwa dakika, akatoka kumpokea mzigo. Wakati huohuo mimi huko juu nikabonyeza kitufe. Mlango ukajifunga mbele ya nyuso zao, na lifti ikapaa na Shangazi peke yake hadi ghorofa ya saba.

Mlango ulipofunguka mbele yangu nilidhani amepata mshtuko. Kumbe anapiga makofi. "Ameutoa!" akasema. "Sisi wote tuliuacha ufunguo mahali pake. Yeye ameutoa ili aende kubeba!"

Kabla sijaelewa chochote, miguu ikasikika kwenye ngazi. Mwendesha lifti akatokea, anahema, jasho linamtiririka, kikapu cha bibi bado kimo mkononi, nyanya zinaruka ruka. "Mama, samahani sana. Sikuigusa. Nakuapia, safari hii hata wewe umeona, sikuigusa."

"Nimeona, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Kaa hapa kwenye kigoda upumue."

Nami nikasimama pale nikimtazama mtu aliyepanda ngazi zote zile kuja kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, na kikapu cha nyanya hakukiacha njiani. Mhariri ameniomba nisiendelee na sentensi hii. Sawa.

Hitilafu yenyewe, nitaieleza kama nilivyoelezwa. Mwendeshaji akigeuza ufunguo, programu hutenga chumba kwenye kumbukumbu na kuandika humo safari yake. Akiuchomoa, chumba kinaachiliwa. Ila sehemu nyingine ya programu, ile inayoshughulika na amri za mwendeshaji, ilikuwa na anwani ya chumba kile na haikuambiwa kwamba kimeachiliwa. Nilipobonyeza kitufe ghorofa ya saba, wito wangu ukapewa chumba kilekile. Programu ikaenda kwenye anwani ya zamani, ikakuta "ghorofa ya saba", ikadhani ni amri ya mwendeshaji, na amri ya mwendeshaji inazipita zote. Ikaondoka. Yule wa jioni hakupatwa na haya kwa sababu hakuwa na desturi ya kutoka ndani ya lifti. Mwenye kutoka kusaidia ndiye pekee aliyegeukwa na lifti.

Usiku haujaingia Shangazi alikuwa ameupata mstari wenyewe. Alimwita mkurugenzi, nami nilikuwepo na simu mkononi kwa hiyo nilisikia. Mstari ule aliuandika yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, kabla hajatunga kanuni zake za mwenye chumba na wageni.

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Shangazi, Ijumaa tunaweka programu mpya, tunaiita matengenezo ya kawaida. Kisanduku hiki kipo majengo mengine mengi. Tukitangaza, watatukimbia."

"Na yule bwana?"

"Atapata kazi pengine."

"Aliyefukuzwa kwa kuchezea lifti? Nani atamchukua? Wewe utamchukua?"

Mkurugenzi akaandika "Ijumaa" kwenye kalenda yake.

"Basi," Shangazi akasema, akakunja miwani yake. "Ijumaa nitaweka programu, na Jumamosi nitakwenda kikaoni."

Alikwenda, na mimi nikamsindikiza bila kuombwa. Wakaaji walikuwa wameketi kwenye ukumbi wa chini, viti vya plastiki, feni moja inazunguka kwa kujilazimisha. Yule bwana alikaa mbele peke yake. Ufunguo wa lifti alikuwa ameshautia kwenye bahasha, tayari kukabidhi. Mwenyekiti alipofungua ajenda, Shangazi akasimama.

"Naomba nizungumze kabla hamjaamua."

"Wewe ni nani, mama?"

"Mimi ndiye niliyeandika maneno yanayoiambia lifti iende wapi. Mlipokuwa mkimlaumu huyu, mlikuwa mkinitafuta mimi."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akagonga meza. "Kwa hiyo mlituuzia lifti mbovu?"

"Ilikuwa mbovu. Tangu jana imepona. Ubovu niliuandika mimi, kwa mkono wangu, akili ikiwa timamu. Nimekuja kuwaomba radhi ninyi, na yeye nimwombe radhi mbele yenu, kwa sababu ni mbele yenu amevunjiwa heshima."

"Haya, na ubovu huo mbona humjia yeye tu? Wa jioni hatujasikia."

"Kwa sababu wa jioni hatoki kumpokea mtu mzigo."

"Mimi mgongo unaniuma!" sauti ikatoka viti vya nyuma. Alikuwa yeye mwenyewe, wa jioni. Watu wakacheka, feni ikapata usaidizi wa karatasi walizokuwa wakijipepea, na hewa ya ukumbi ikalegea.

Bibi wa ghorofa ya pili hakucheka. Alijiinua kwa kushika kiti cha mbele yake. "Yaani siku zote hizi," akasema, "nilikuwa namshtaki anayenibebea kikapu?" Akamgeukia yule bwana. "Baba, nisamehe. Mbona hukusema?"

"Nilisema, bibi," akajibu kwa upole. "Mlikuwa mmeshakasirika."

Hakuna aliyepiga kura. Mwenyekiti alikohoa, akasema kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nazo, "Ajenda ya pili, taka." Yule bwana akautoa ufunguo kwenye bahasha, akautia mfukoni mwa shati, upande wa kushoto. Niliona, kwa sababu nilikuwa natazama.

Karakana yetu ililipia ukweli ule, sitaficha. Hospitali moja ilituaga na kununua visanduku kwingine. Kwa wiki nzima mkurugenzi alimwita shangazi yake Fundi Mkuu, na sote tulijua maana yake. Shangazi alimwitikia hivyohivyo bila kinyongo, akachukua kigoda chake, akazunguka majengo yote yenye kisanduku kile. Kila mahali aliweka programu mpya, kisha akakaa na mwendeshaji kwenye lifti na kutazama mikono yake. Wengi wa wateja walibaki. Wawili walisema wamebaki kwa sababu alikuja kabla hawajapiga simu.

Tangu hapo hitilafu kwetu haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka aliyeirekebisha amekwenda kukaa na anayetumia mashine, na kama kuna mtu alilaumiwa kwa kosa letu, anaombwa radhi palepale alipolaumiwa. Akaongeza pia hila ya majaribio inayowachekesha wanafunzi. Chumba cha kumbukumbu kikiachiliwa, programu ya majaribio hukijaza namba ya ghorofa ya tisini na tisa. Kielekezi kinachoning'inia kikija kuchungulia, lifti inajaribu kwenda ghorofa ambayo haijajengwa, na king'ora kinalia mara moja. Siku hizi mtu akizubaa kwenye mkutano tunaambiana, "Mwache, yuko tisini na tisa." Amefundisha mafundi ambao leo wanaongoza karakana zao wenyewe, na wote, nilipowapigia kuwaalika kwenye sherehe ya kumuaga, wameuliza kwanza kama chai itachemshwa na aliyekosea.

Kuhusu yule bwana wa ufunguo, jarida hili si mahali pake. Niseme tu kwamba lifti ya jengo lile ilihitaji ukaguzi wa mara kwa mara baada ya pale, kwamba ukaguzi huo mara nyingi ulihitaji mtu wa mapokezi, na kwamba Shangazi hakuuliza kwa nini. Bado anafanya kazi palepale. Bado anatoka kupokea mizigo. Jioni anarudi nyumbani kwetu, na mimi humsikia kwenye ngazi kabla hajafika mlangoni, na moyo wangu unafanya mambo ambayo hakuna programu ya kuyaongoza. Siku ya ndoa Shangazi alikaa upande wa ndugu zangu, bibi wa ghorofa ya pili akakaa upande wa ndugu zake, akiwa ameshona mwenyewe gauni nililovaa.

Shangazi alikuwa na haki ya kustaafu mwaka jana. Barua alishaandaliwa, akairudisha, akasema bado ana kitu anachokingoja. Hatukujua ni nini, na kumuuliza Shangazi swali ambalo hataki kulijibu ni kujichosha.

Mwezi uliopita kisanduku chetu kimoja, kwenye winchi ya kupandishia magunia ya ghala la nafaka, kiliachia mzigo nusu ya njia. Hakuna aliyeumia, lakini msimamizi wa ghala alikuwa ameshamsimamisha kazi mpakiaji mmoja kwa uzembe. Mafundi wetu walipata kosa ndani ya programu, nalo lilikuwa letu. Asubuhi yake mkurugenzi hakuja ofisini. Nikampigia, hakushika. Saa nne hivi msimamizi wa ghala akapiga simu mapokezi, akasema kwa mshangao kwamba bosi wetu yuko pale, amesimama mbele ya wapakiaji wote, ameomba radhi kwa jina la karakana, na sasa ameketi kwenye gunia karibu na winchi na amekataa kuondoka.

Nikaenda mezani kwa Shangazi nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akairudisha machoni.

"Basi sasa naweza kwenda," akasema, na akaniomba nimletee ile barua ya kustaafu aitie sahihi.

Asante, Shangazi, kwa lifti zinazofika zinakotumwa na kwa mafundi uliotuachia. Asante kwa kusimama katika ukumbi ule siku ya Jumamosi. Karakana nzima inakuombea miaka mingi ya afya na utulivu, usingizi wa alasiri bila simu ya mtu, na miguu yenye nguvu ya kwenda popote moyo utakapo. Nenda salama, mama yetu. Ukaishi vizuri.